Jini na Tunda Gani? Pasheni, Nanasi, Ukwaju na Embe Kwenye Kokteli ya Nyumbani

Una wageni sita jioni na chupa moja ya jini kabatini. Asubuhi ya Jumamosi uko soko la Buguruni, kikapu mkononi, na kila mchuuzi anakuita kwake. Pasheni zimepangwa mafungu, mananasi ya Kiwangwa yamerundikwa chini, ukwaju uko kwenye beseni umeshikana kama udongo wa mfinyanzi, na kama ni Desemba, maembe dodo yananukia kabla hujayaona. Yote hayo yanaingia kwenye jini. Ila hayaingii kwa namna moja, na ukibeba tunda lisiloendana na jioni yako, hata chupa ya bei mbaya haitakuokoa.

Nachanganya jini na matunda nyumbani, kwa ajili ya ndugu, marafiki na majirani, bila vyombo vya baa. Msimamo wangu ni huu: tunda la jini huchaguliwa kwa uchachu wake, utamu hufuata. Utamu unaongezwa kwa kijiko cha shira wakati wowote. Uchachu wenye harufu yake, ule unaotoka ndani ya tunda lenyewe, hauna mbadala rahisi. Watu wengi huenda kinyume. Hutafuta tunda tamu kuliko yote, hulisaga, hulimiminia jini, kisha hulalamika kwamba kinywaji ni kizito na pombe inanuka peke yake juu ya glasi.

Jini yenyewe inataka nini

Jini ni pombe kali iliyopewa ladha ya junipa, mti wa jamii ya miberoshi. Kinachoitwa tunda la junipa ni koni ndogo iliyovimba na kulainika. Huku kwetu junipa ana ndugu yake kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, mti ambao Kenya huitwa mtarakwa, na kuna jini ya Nairobi, Procera, iliyochukua jina la kisayansi la mti huo na kutumia koni zake. Ukinusa jini nzuri unapata harufu ya mbao mbichi, mbegu za giligilani na ganda la limau. Ile ya aina ya London dry hairuhusiwi kuwa na sukari zaidi ya gramu 0.1 kwa lita, yaani ni kavu kabisa mdomoni.

Kwa hiyo unapoipa jini tunda, unaipa vitu viwili inavyovikosa, uchachu na utamu, na vyote viwili lazima viwepo. Tukitumia kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka uchachu unapanda, maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu, ukwaju na pasheni karibu na 3, nanasi hucheza kwenye 3.5, embe bivu hufika 4 au zaidi, na tikiti maji hupita 5. Hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi. Ukikariri mpangilio huo, nusu ya kazi umeimaliza: kadiri tunda linavyosogea kuelekea tikiti, ndivyo utakavyohitaji ndimu nyingi zaidi kulisaidia.

Pasheni: tunda linalobeba hata jini dhaifu

Naanza nayo kwa sababu ndiyo ninayomshauri mtu anayechanganya kwa mara ya kwanza. Pasheni, au karakara kama wengine wanavyoiita, ina vitu viwili kwa wingi: chachu ya kutosha kusimama bila ndimu, na harufu kali inayojaza chumba ukikata tunda moja tu. Harufu hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kama chupa yako ni ya bei nafuu na ina ukali wa spiriti unaochoma pua, pasheni itaufunika. Hakuna tunda jingine sokoni linaloifanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Kuchagua nilifundishwa na kijana anayeuza matunda. Nilikuwa naokota zile zinazong'aa, laini kama mpira.

"Dada, usiziogope hizo zilizokunjamana," aliniambia. "Hizo ndizo zimeiva."

"Na hizi za kung'aa, kaka?"

"Hizo zipe siku tatu."

Alikata moja ya kila aina akanipa nionje. Iliyong'aa ilikuwa kali ya kukunja uso. Iliyokunjamana ilikuwa chachu bado, lakini nyuma yake kulikuwa na utamu, na nyama ya ndani imekuwa ya rangi ya kiini cha yai. Tangu hapo nanyanyua tunda kwanza: likiwa na makunyanzi na bado ni zito mkononi, limeiva. Likiwa na makunyanzi na jepesi, limekauka, liache.

Kosa la pasheni liko kwenye blenda. Ukiziacha mbegu zisagike, utapata unga mweusi unaoelea na uchungu mkavu unaobaki kwenye ulimi. Mimi situmii blenda kabisa. Nakata matunda, nakwangua ndani kwa kijiko, naweka kwenye chujio la waya juu ya bakuli, kisha nasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mbegu zibaki nyeusi na kavu, zikigongana kama shanga. Matunda matatu ya wastani hunipa juisi ya glasi moja.

Vipimo vyangu kwa glasi moja, kijiko cha chakula kikiwa mililita 15: jini vijiko vitatu, juisi ya pasheni vijiko vitatu, shira kijiko kimoja na nusu. Shira hapa ni sukari na maji kiasi sawa, umechemsha mpaka sukari ikayeyuka tu, nyepesi kuliko ile ya kaimati. Tia vyote kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko unaobana, jaza barafu, tikisa kwa nguvu sekunde 15. Utasikia sauti ikibadilika: mwanzo barafu inagonga kavu kwenye kioo, kisha mlio unakuwa mnene, na nje ya chupa kunafanya ukungu mpaka vidole vinauma kwa baridi. Hapo imetosha. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya, ongeza soda isiyo na sukari kidogo juu, na uweke mbegu chache ulizobakiza kwa uzuri.

Pasheni pia huhifadhika. Rojo lake ukiligandisha kwenye vitrei vya barafu linakaa miezi kwenye friza na harufu yake haipotei sana. Mtu anayependa kokteli za ghafla, mgeni akibisha hodi tu, hana tunda bora zaidi ya hili.

Nanasi: la wengi, na la jini nzuri

Nanasi lina tabia tofauti kabisa. Halifuniki. Lina utamu wake wa wazi, uchachu wa wastani, na harufu inayokaa pembeni ikiiacha junipa isikike. Ndiyo maana kama umenunua au umeletewa chupa nzuri, nanasi litakuonyesha thamani ya chupa hiyo, wakati pasheni itaificha. Kinyume chake pia ni kweli: jini mbaya ndani ya nanasi inajitokeza yote.

Jambo ninalolipenda zaidi ni povu. Juisi mbichi ya nanasi ikitikiswa na barafu hutoa povu jeupe, zito, linalokaa juu ya glasi kama lile la maziwa yaliyopigwa. Juisi ya pakiti hutoa povu hafifu linalozimika mapema. Hii ni sababu ya kutosha kulimenya nanasi mwenyewe. Lisage na maji kidogo sana au bila maji, kisha lichuje mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa, maana nyuzi zikibaki povu linakuwa na vipande.

Kokteli ya jini na nanasi inayojulikana kuliko zote duniani ni Singapore Sling, ya hoteli ya Raffles, ambayo huhusishwa na mhudumu wa baa Ngiam Tong Boon na mwaka 1915. Katika vipimo vinavyotumika leo kimataifa, jini ni mililita 30 tu na juisi ya nanasi ni mililita 120, pamoja na likia kadhaa, yaani pombe tamu za matunda na mimea, ambazo wengi wetu hatuna nyumbani. Tazama kitu kimoja ndani yake: pamoja na nanasi lote hilo, bado mna mililita 15 za ndimu. Hata nanasi halijitoshelezi. Kwangu, bila zile likia, natia jini vijiko vitatu, nanasi vijiko sita, ndimu kijiko kimoja kamili, na shira nusu kijiko ikiwa nanasi limekataa kuiva. Nanasi la Kiwangwa likiwa kwenye ubora wake, shira siigusi.

Kati ya hayo mawili

Wageni wakiwa wanne au chini, pasheni. Wakizidi hapo, nanasi. Sababu ni kazi ya mikono. Kusugua pasheni za watu kumi kunakula saa nzima na matunda thelathini, na ukimaliza umechoka kabla hodi ya kwanza haijapigwa. Nanasi kubwa moja linakupa juisi ya glasi saba au nane kwa dakika chache. Kwa upande wa mfuko pia nanasi hushinda kwa kila glasi, isipokuwa pasheni zikiwa kwenye msimu wake mnene.

Ila nanasi halisubiri. Juisi yake ya asubuhi ni nzuri jioni ileile. Kesho yake imepoa harufu, na kesho kutwa imeanza kuchacha. Kwa hiyo swali la kujiuliza si lipi tamu, ni hili: nitakunywa leo yote, au nataka kuweka akiba?

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika, chakula. Nanasi linaenda vizuri na nyama ya kuchoma na mishikaki, kwa sababu uchachu wake ni mpole na utamu wake unaungana na moshi. Pasheni inashindana na chakula, inataka kunywewa peke yake, kabla ya meza kuandaliwa au baada ya kuondolewa.

Ukwaju, ninaoupenda kuliko yote

Sitaficha upendeleo wangu. Ukwaju na jini ni ndoa ambayo watu wa pwani na bara tungekuwa tumeizoea zamani sana kama tusingeuona ukwaju kuwa juisi ya watoto na ya futari peke yake. Uchachu wake si wa ndimu. Unatokana na asidi ya tartari, ileile iliyomo kwenye zabibu, na una kina, una kahawia ndani yake, kitu cha karibu na tende na karameli. Ukikutana na ule ukavu wa junipa, unapata kinywaji kinachofanana zaidi na kinywaji cha watu wazima kuliko chochote kati ya hivi vingine.

Tatizo ni kwamba unataka subira. Gramu 100 za ukwaju uliobanduliwa ganda, zimwagie mililita 300 za maji ya moto, ziache nusu saa. Kisha ingiza mkono safi ukamue, uzi na mbegu vibaki kwenye vidole, na maji yawe mazito kama uji mwepesi. Chuja. Wengine huchemsha ukwaju moja kwa moja jikoni. Unatoka haraka zaidi, lakini rangi inakuwa nyeusi na ladha inalala. Mimi nakamua kwa mkono.

Shira ya ukwaju lazima iwe na kiungo. Nachemsha sukari na maji na iliki tano zilizopondwa, nazima moto, nafunika dakika 20. Glasi moja: jini vijiko vitatu, ukwaju vijiko vitatu, shira ya iliki vijiko viwili, na chumvi, punje chache tu zinazoshikika kati ya vidole viwili. Chumvi hiyo usiiruke. Ukionja kabla na baada utaona: kabla, ukwaju unagonga nyuma ya taya, baada, unaenea ulimi mzima. Tikisa, chuja, halafu juu malizia na soda ya tangawizi. Stoney Tangawizi inafaa sana hapa, ila ukiitumia punguza shira hadi kijiko kimoja, kwa kuwa ina sukari yake.

Ukilinganisha na pasheni, ukwaju haukupi harufu ya kumvuta mtu kutoka mlangoni. Rangi yake pia haina mvuto, ni maji ya kahawia, na mgeni aliyezoea kokteli za rangi ya machweo anaweza kuitazama glasi kwa mashaka. Mpe anywe mara mbili. Na haufai kwa kundi lenye watu wa kila namna. Mtu asiyependa vitu vichachu hatabadilika kwa ajili yako. Bei yake ni ndogo, unapatikana mwaka mzima kwa sababu umekaushwa, na juisi yake iliyochujwa inakaa kwenye friji siku nne au tano bila kulalamika. Kwa mtu anayekunywa glasi moja jioni, akiwa barazani na upepo, huu ndio uchaguzi wangu.

Embe, na sababu ya kulifikiria mara mbili

Embe ndilo lililonifundisha hasara. Msimu ulikuwa umechanganya, nilinunua dodo zilizoiva mpaka zinatoa utomvu, nikasaga jagi zima, nikatia jini na barafu ndani ya blenda. Watu kumi na mbili walikuwa nje wakisubiri. Kinywaji kilitoka kizito kama uji wa mgonjwa, kitamu mpaka kinakwama kooni, na jini imejitenga juu yake kama mafuta ya taa. Nilimwaga zaidi ya nusu, na embe zile zilikuwa nzuri, zingeliwa kwa kisu zikatosha.

Leo najua kilichokosekana. Embe bivu lina uchachu kidogo sana na nyama nyingi. Ukilitaka, litumie kidogo na ulipe ndimu kama theluthi ya ujazo wa rojo na jini kwa pamoja: rojo vijiko vitatu, jini vijiko vitatu, ndimu karibu vijiko viwili, soda ya kutosha kulilegeza. Usilitie barafu kwenye blenda. Barafu ikisagwa inayeyuka mara moja na kinywaji kinakuwa maji ndani ya dakika kumi. Afadhali zaidi, tumia embe linaloanza kuiva, ambalo ukiliminya linarudi. Kuna wanaokata embe bichi kabisa, lile la kula na chumvi na pilipili, wakalisaga na kulichuja; hilo linakaribia ukwaju kwa uchachu, na pilipili kidogo ukingoni mwa glasi inalifaa. Lakini kama huna muda wa kujaribu jaribu, mle embe lenu baada ya chakula na jini mpeni nanasi.

Balungi na tikiti, kwa ufupi

Balungi ni rahisi kuliko yote: kamua, mimina, kwisha. Jini vijiko vitatu, juisi ya balungi vijiko sita au saba, barafu, na chumvi kwenye ukingo wa glasi ukipenda. Kinywaji hicho cha chumvi kinaitwa Salty Dog. Uchungu wa balungi na ukavu wa junipa ni jamaa, na shira kidogo tu inatosha. Onyo moja la kweli: balungi huingiliana na baadhi ya dawa, zikiwemo dawa fulani za shinikizo la damu na za kushusha lehemu, kwa kuzifanya zikae mwilini kwa kiwango kikubwa kuliko kilichokusudiwa. Mgeni wa makamo anayemeza vidonge kila siku mwulize kwanza, au mpe tunda jingine.

Tikiti maji ni la joto la mchana. Linapoza, lina rangi, halina uchachu hata kidogo. Bila ndimu ya kutosha na majani ya nanaa ni maji matamu yenye pombe.

Chupa ipi iende na tunda lipi

Konyagi wengi wetu tunaihesabu kama jini ya nyumbani, na kwa kokteli za matunda inafanya kazi. Nguvu yake ni asilimia 35, wakati jini nyingi za kutoka nje huanzia asilimia 37.5, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika Ulaya, na nyingine hufika 40 na kuendelea. Kwangu mimi ladha ya junipa kwenye Konyagi ni hafifu, kwa hiyo naipeleka kwenye pasheni na ukwaju, matunda yenye sauti yao, na napunguza soda juu ili isipotee. Uganda Waragi nayo imetokana na historia ya enguli, pombe ya kienyeji ambayo sheria ya mwaka 1965 iliwataka wapikaji waiuze kwa kiwanda chenye leseni. Ni laini, na naiona ikikaa vizuri na nanasi. London dry, iwe Gilbey's tuliyoizoea au nyingine yenye junipa ya wazi, ipe nanasi au balungi.

Jini zilizokwisha kutiwa ladha na rangi ya waridi kiwandani, nyingi zina utamu wao. Ukizitumia, punguza shira kwa nusu kabla ya kuonja, usiongeze mpaka umeonja.

Gongo usiitumie kamwe, hata ukiambiwa ni ya mtu anayeaminika. Juisi ya tunda huficha ladha ya kila kitu, na methanoli, sumu inayoweza kuwemo kwenye gongo, haionjeki ndani ya pasheni. Inapofusha watu na kuwaua. Nunua chupa yenye muhuri ambao haujaguswa.

Na ujue unachowapa watu. Vijiko vitatu vya jini ya asilimia 40 vina takriban gramu 14 za alkoholi halisi. Vya Konyagi, kama gramu 12. Tunda likiwa zuri glasi hupita kama juisi, na hapo ndipo mtu anapokunywa ya nne akidhani ni ya pili. Mimi napima kwa kijiko kila glasi, simimini kwa kukadiria, na wenye magari nawauliza mapema wanarudi vipi.

Juisi, shira au kuloweka

Swali hili huja kila mara, kwa hiyo nalijibu. Juisi mbichi ndiyo bora kwa matunda yote niliyoyataja. Shira ya tunda, yaani umepika tunda na sukari, inakaa wiki mbili hadi tatu kwenye friji na inakuokoa siku ya haraka, lakini moto unaondoa ule ubichi; pasheni iliyopikwa ina ladha ya pipi. Kuloweka tunda ndani ya jini kunafaa nanasi peke yake. Vipande vya nanasi ndani ya nusu chupa, siku mbili kwenye friji, kisha chuja: jini inachukua harufu bila uzito, na unaweza kuinywa na maji ya toniki na ndimu tu. Maganda ya limau yakilowekwa zaidi ya siku moja huanza kutoa uchungu.

Wale wasiokunywa

Karibu kila nyumba ninayoijua ina mgeni asiyegusa pombe, kwa dini, kwa afya, kwa ujauzito au kwa uamuzi wake. Hapa pia matunda haya hayalingani. Ukwaju na pasheni vinasimama bila jini. Ongeza maji ya toniki mahali pa pombe, kwinini yake inaleta ule uchungu ambao junipa ingeuleta, na mtu hajisikii amepewa kinywaji cha pili. Nanasi bila jini linabaki juisi ya nanasi tu, litie tangawizi mbichi iliyosagwa.

Vyombo vitenge tangu mwanzo. Chupa ya kutikisia iliyopita pombe isiguse kinywaji cha mgeni Mwislamu, na chujio vilevile. Nina chupa mbili za jemu. Moja ina utepe mwekundu shingoni, hiyo ndiyo ya jini. Kinywaji kisicho na pombe nakitengeneza kwanza, mbele yake, kabla sijafungua chupa nyingine yoyote.

Kikapu cha Jumamosi hii

Kwa watu sita, wawili kati yao hawanywi, ningebeba hivi: nanasi moja kubwa lenye harufu chini kwenye kitako, pasheni kumi na mbili zilizokunjamana, ndimu nane, fungu dogo la ukwaju. Nanasi na ndimu ni kwa wanne wanaokunywa, pasheni na toniki ni kwa wawili, na ukwaju nauloweka nikifika tu, kwa glasi ya mwisho wageni wakishaaga. Soda ziingie kwenye friji mapema, kwa sababu soda ya moto inayeyusha barafu haraka na kuharibu vipimo ulivyovihangaikia. Barafu nunua mwisho, ukiwa njiani kurudi, mifuko miwili, mmoja wa kutikisia na mmoja wa glasi.